Haki ya Mtoto wa Shule Ndogo

Kuna maswali ambayo mtu hujiuliza akiwa ameshiba na kupumzika, na kuna maswali ambayo dhiki humwuliza mtu bila ya kungoja nafasi yake. Swali la insha hii ni la namna ya pili. Sikulipata katika kitabu. Niliulizwa na mwanafunzi, na tangu siku hiyo halijaniacha.

Nilipotoka katika chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika shule ndogo ya kutwa, juu ya kilima, mbali na barabara ya lami. Wanafunzi wake wote walikuwa wapata 60. Palikuwa na mwalimu mkuu mwema, walimu wachache, na kabati moja iliyoitwa maabara. Nilifundisha kemia kwa chaki. Nilichora ubaoni chupa, nikachora bomba la kupimia, nikachora mwali wa moto, kisha nikaeleza kwa maneno rangi ambayo hakuna aliyeiona ikigeuka. Wanafunzi walinakili michoro yangu kwa adabu. Siku moja msichana wa kidato cha tatu aliinua mkono akasema, "Mwalimu, wenzetu wa shule kubwa ya mjini watafanya mtihani huu huu?" Nikamjibu kuwa watafanya huo huo, siku moja, saa moja, karatasi moja. Akauliza tena, "Na wao pia hufundishwa kwa michoro?"

Nilinyamaza. Mwaka uliofuata, vifaa vilipoazimwa kwa ajili ya mtihani, msichana yule alishika bomba la kupimia asidi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, na mkono wake ulitetemeka. Haukutetemeshwa na ujinga, maana kila kitu alikijua kwa moyo. Ulitetemeshwa na ugeni. Nikajiuliza: Mtoto huyu amedhulumiwa? Na kama amedhulumiwa, ni nani aliyemdhulumu?

Watu wengi wakiulizwa haki ni nini hujibu upesi kwamba haki ni kugawa sawasawa. Jibu hili ni jema. Baba mwenye watoto watatu na mkate mmoja hukata vipande vitatu vilivyo sawa, na nyumba hulala kwa amani. Walakini mmoja wa watoto wale akishikwa na maradhi, na dawa yake ikawa ghali kuliko chakula cha wenziwe wawili, baba yule yule hagawi fedha zake mafungu matatu. Humnunulia mgonjwa dawa kwanza, na wale walio wazima hawasemi kuwa wameonewa, isipokuwa wawe wamefunzwa choyo. Basi mtu mmoja, katika nyumba moja, hutumia mizani mbili, na kila moja huiita haki. Mizani ya kwanza huuliza, "Ninyi ni wangapi?" Mizani ya pili huuliza, "Kila mmoja wenu anahitaji nini?"

Nchi yetu hupeleka fedha shuleni kwa mizani ya kwanza, yaani kwa hesabu ya vichwa. Mwaka 2003, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo, kiwango kilikuwa shilingi 1,020 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Shule za sekondari zilifuata mwaka 2008, kwa shilingi 10,265 kwa mwanafunzi. Na mwaka 2018 kiwango cha shule za kutwa kikapandishwa kuwa shilingi 22,244. Mtu asidharau jambo hili. Mwaka ule wa 2003 peke yake zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka katika madarasa ya msingi. Karo ilikuwa ukuta, na ukuta ule ulipoanguka watoto waliingia.

Lakini tazama hesabu inavyokwenda. Shilingi 22,244 zikizidishwa kwa wanafunzi 900 ni zaidi ya shilingi milioni 20. Zikizidishwa kwa wanafunzi 60 ni shilingi 1,334,640, hata kama kila senti ingefika kwa wakati wake. Mtu atasema, "Ni haki, wale ni wengi na hawa ni wachache." Ndiyo, ingekuwa haki kamili kama kila gharama ya shule ingefuata idadi ya watoto. Kalamu na madaftari hufuata idadi. Lango halifuati. Tuseme mlinzi hulipwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Katika shule ya watoto 900, kila mtoto hubeba shilingi 133 hivi za mshahara ule. Katika shule ya watoto 60, kila mtoto hubeba shilingi 2,000. Mlinzi ni yule yule, na lango ni lile lile. Fanya hesabu hiyo kwa karani, kwa tangi la maji, kwa maabara, na kwa mwalimu wa ziada aliyeajiriwa na bodi ya shule, nawe utaona kwamba fedha zilizo sawa zilipofika kilimani hazikuwa sawa tena.

Hata hivyo mimi ni mwalimu wa shule ndogo, na mtu akiamua ugomvi wa nyumbani kwake, mapenzi huingia katika hukumu. Kwa hiyo nitamwomba msomaji tuondoke hapa kidogo, tukatazame ugomvi wa wengine juu ya jambo hili hili, kisha turudi kwetu tukiwa na macho yaliyotulia. Twende Marekani, ambako shauri la fedha za shule limepelekwa mahakamani mara nyingi.

Katika nchi ile shule za umma haziendeshwi kutoka mji mkuu. Nchi ina majimbo 50, na karibu kila jimbo limegawanywa katika wilaya za shule. Wilaya ya shule ni eneo, pengine kubwa kama mji mzima, pengine dogo kama vijiji viwili, lenye bodi yake, walimu wake na mfuko wake. Mfuko huo hutiwa fedha na mikono mitatu. Mkono wa kwanza ni serikali ya taifa, ambao hutoa kidogo kuliko yote. Wa pili ni serikali ya jimbo. Wa tatu ni wakazi wenyewe, kwa kodi inayotozwa juu ya thamani ya ardhi na majengo yao. Katika mkono huu wa tatu ndimo taabu ilimozaliwa. Penye viwanda na nyumba za fahari, kodi ndogo huzaa fedha nyingi. Penye mashamba makavu na vibanda, kodi kubwa huzaa fedha haba.

Mfano uliojulikana sana ulitoka katika mji wa San Antonio, jimbo la Texas. Mji ule ulikuwa na wilaya kadhaa za shule, na mbili kati yake zililinganishwa mbele ya majaji kwa hesabu za mwaka wa masomo wa 1967 na 1968. Wilaya ya Edgewood ilikuwa ya maskini, wengi wao wenye asili ya Meksiko. Mali yenye kutozwa kodi ilikuwa dola 5,960 kwa kila mwanafunzi. Wilaya ya Alamo Heights ilikuwa ya matajiri. Mali yake ilizidi dola 49,000 kwa kila mwanafunzi. Watu wa Edgewood walijitoza dola 1 na senti 5 kwa kila dola 100 za mali. Watu wa Alamo Heights walijitoza senti 85 tu. Hata hivyo, baada ya fedha zote za wakazi, za jimbo na za taifa kujumlishwa, mtoto wa Edgewood alipata dola 356, na mtoto wa Alamo Heights dola 594. Tafakari jambo hili. Aliyejinyima zaidi ndiye aliyepata kidogo. Huwezi kusema kuwa maskini wale walikuwa wavivu, wala huwezi kusema kuwa hawakupenda elimu. Walijitoza kuliko jirani zao.

Wa kwanza kuinuka walikuwa wanafunzi. Mwezi wa Mei 1968 wanafunzi wapatao 400 wa shule ya sekondari ya Edgewood walitoka madarasani, wakalalamika juu ya majengo mabovu na upungufu wa walimu waliohitimu. Wazazi wakafuata kwa njia ya sheria. Miongoni mwao alikuwa Demetrio Rodriguez, fundi wa mabati, na kesi ikaitwa kwa jina lake. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu. Majaji watano walisema kwamba elimu, ingawa ni jambo kubwa, haikutajwa katika katiba ya taifa kuwa ni haki, na kwamba katiba haikudai fedha zilingane kila mahali. Majaji wanne walikataa. Wazazi wakashindwa kwa kura moja.

Mmoja wa wale wanne alikuwa Thurgood Marshall, na jina hili si geni katika historia yetu. Mwezi wa Januari 1960 alifika Nairobi, kisha akawa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika katika mkutano wa katiba uliofanyika Lancaster House, London, akawaandikia rasimu ya sheria ya haki za binadamu. Mtu aliyefikiri juu ya haki za mtu wa Kenya ndiye aliyeandika, miaka kumi na mitatu baadaye, kwamba mtoto asipimiwe elimu yake kwa thamani ya nyumba za jirani zake.

Shauri halikufia pale. Waliofungiwa mlango wa taifa walibisha mlango wa jimbo. Mwaka 1989 mahakama ya juu ya Texas ilitamka, bila ya jaji hata mmoja kupinga, kuwa mpango wa fedha za shule ulivunja katiba ya jimbo. Na mwaka 1993 ikatungwa sheria ya kuchukua sehemu ya mapato ya wilaya tajiri kuwasaidia maskini. Mwaka huo huo wa 1989, katika jimbo la Kentucky, ilitolewa hukumu ya kesi ya wilaya 66, nyingi zikiwa maskini na za mashambani, zilizokuwa zimeungana zikashtaki kwa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wilaya moja ndogo isingesikiwa, 66 zilisikiwa.

Hukumu ya Kentucky inatufaa kuliko zote. Majaji hawakuanza kwa kuuliza fedha ni kiasi gani. Walianza kwa kuuliza mtoto atoke shuleni akiwa na nini. Wakataja mambo saba, na miongoni mwake ni uwezo wa kusema na kuandika, ujuzi wa mambo ya uchumi na siasa utakaomwezesha kuchagua kwa busara, maarifa ya kutunza afya yake ya akili na mwili, na matayarisho ya kazi au ya masomo ya juu. Kisha wakasema kuwa kumpatia kila mtoto mambo hayo ni wajibu wa jimbo zima, na kuwa mpango mzima wa shule ulikuwa umeshindwa. Mwaka 1990 bunge la jimbo likatunga sheria mpya ya elimu na ya fedha zake.

Sasa turudi tuzilinganishe nchi mbili. Sisi hatuendeshi shule zetu za umma kwa kodi ya nyumba za kijiji, na katika hilo tuna bahati. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010 imetaja wazi, katika kifungu cha 43 na cha 53, kuwa elimu ni haki, na kuwa kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Neno ambalo majaji watano wa Marekani walisema hawakulikuta katika katiba yao, sisi tunalo katika yetu. Walakini Texas ilikosea kwa kugawa kadiri ya mali, nasi twaweza kukosea kwa kugawa kadiri ya vichwa. Makosa haya hayafanani kwa sura, lakini yana mzizi mmoja: yote mawili huanza na mfuko, kisha humpa mtoto elimu inayotosha mfuko ule. Haki huanza na mtoto, kisha hutafuta mfuko unaotosha elimu yake.

Hapa mpinzani wangu atasimama, nami sitamzuia, maana ana hoja. Atasema, "Fedha za umma ni jasho la watu. Kwa nini zitumike nyingi kwa watoto 60, hali zingewafaa watoto 900? Funga shule ndogo, wapeleke watoto wake katika ile kubwa." Wamarekani walifanya hivyo kwa miaka mingi. Karibu mwaka 1940 walikuwa na wilaya za shule zaidi ya 117,000. Leo ni kiasi cha 13,000. Barabara zilipotengenezwa na mabasi ya shule yalipopatikana, shule nyingi za mwalimu mmoja ziliunganishwa, na watoto wengi walipata maabara na maktaba ambazo wasingezipata abadani. Wilaya ndogo zilizobaki hupambana na dhiki kwa njia nyingine. Mamia yao hufundisha siku nne kwa juma badala ya tano, ili kupunguza gharama na kuvuta walimu. Na majimbo kadhaa huziongezea fedha wilaya ndogo zilizo mbali, kwa kuwa yamekubali kuwa udogo una gharama yake.

Namkubalia mpinzani kwamba udogo si utakatifu. Tunazo shule ambazo zilizaliwa kwa ushindani wa koo mbili au kwa ahadi ya mtu aliyetaka kura, na shule nyingine iko karibu kiasi cha kusikia kengele yake. Kuzitenga shule kama hizo ni kugawanya umaskini. Wazee wao wangekaa pamoja wakaziunganisha, wangewafanyia watoto wao wema mkubwa. Kiburi cha kijiji kisilipwe kwa elimu ya mtoto.

Lakini hoja ile ina mpaka, na mpaka wake ni miguu ya mtoto. Ikiwa shule kubwa iko ng'ambo ya mto unaofurika, au mwendo wa saa mbili katika njia ya ndovu, basi kufunga shule ndogo hakumpeleki mtoto katika shule kubwa. Humrudisha nyumbani. Msichana huozwa, mvulana hupewa fimbo ya kuchunga, na katika daftari la hesabu huandikwa kwamba fedha zimeokolewa. Fedha hizo hazikuokolewa. Zimechukuliwa kwa mtoto bila ya ridhaa yake. Basi kanuni yangu ni hii: panapo njia, tuunganishe, pasipo njia, tuongeze. Kitu kimoja tu hakina halali, nacho ni kuiacha shule iwe wazi kwa jina, lakini tupu kwa ndani, kisha kuwapima watoto wake kwa mtihani ule ule na kuwaita wajinga.

Wajibu wa serikali haufuti wajibu wetu. Wazazi wetu walijenga shule za harambee kwa mawe waliyoyabeba vichwani na kuku waliouzwa sokoni, na wengi wa waliosoma humo ni walimu, waganga na majaji. Lakini harambee nayo ina hatari yake, na Edgewood imetuonyesha: ukimwachia kila mtu ajenge kwa nguvu zake mwenyewe, mwenye nguvu atajenga ghorofa, na mnyonge, ingawa amejitoa zaidi, atajenga kibanda. Harambee iliyo kamili haiishi penye mpaka wa kijiji.

Nawe, mwanafunzi unayesoma maneno haya, una sehemu yako. Kama umo katika shule kubwa yenye maabara mbili, usidhani kuwa alama zako zote ni za akili yako. Baadhi yake ni za vifaa vya shule yako. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini aliyesoma hana udhuru wa kutojua. Kama umo katika shule ndogo, usiuone udogo wa shule kuwa ni udogo wako. Dai haki yako kwa hoja na kwa utaratibu, na wakati unadai, soma kwa kile kilichopo, maana haki inayokuja kesho haitamfaa aliyelala leo.

Yule msichana aliniuliza kama wenziwe nao walifundishwa kwa michoro. Leo ningemjibu hivi: Hapana, mwanangu, hawakufundishwa hivyo. Hukudhulumiwa na mtu mmoja mwenye nia mbaya. Ulidhulumiwa na hesabu iliyokuwa sahihi kwenye karatasi, na watu wema waliotia sahihi chini yake bila ya kupanda kilima. Jibu hili halimrudishii mkono uliotulia siku ya mtihani. Lakini siku moja baadhi yenu mtakaa penye meza ambapo hesabu hizo hufanywa. Siku hiyo, kabla ya kutia sahihi, pandeni kilima.